Vifuniko vya chupa: kipi ununue kwanza, kipi uache

Tukinunua chupa tunaangalia umbo, rangi na bei. Kifuniko huja nayo, hakuna anayekiuliza. Nami nilinunua hivyohivyo hadi siku nilipoinua chupa ya mafuta kabatini nikakuta imeacha duara linalong'aa kwenye ubao. Kifuniko kilikuwa kimekazwa barabara. Nilipokifungua, kile kisahani chembamba cha karatasi kilicho ndani kilikuwa kimelowa na kuvimba kingo. Hapo ndipo nilipoelewa: kinachoziba ni kisahani, na kifuniko kazi yake ni kukikandamiza tu. Siku hizi kabla sijauliza bei, nageuza kifuniko nikitazame ndani.

Kwa matumizi mengi, namba moja ni kifuniko cha kuzungusha. Ni rahisi, hufungwa kwa mkono na hutumika tena na tena. Kwa maji, juisi au sabuni ya maji, kisahani cha sponji ya plastiki kinatosha. Kwa mafuta na vimiminika vyepesi, tafuta kifuniko chenye koni laini ya plastiki ndani, inayoingia mdomoni mwa chupa na kuubana kwa pembeni. Usikikaze kupita kiasi, maana kisahani kikishapondeka hakirudi tena.

Hapa ndipo wengi wanapoingia hasara: vipimo. Vifuniko huandikwa kwa namba mbili, mfano 28-400 na 28-410. Hiyo 28 ni kipenyo kwa milimita, na namba ya pili inaonyesha mpangilio wa miviringo ya shingoni ambayo kifuniko huzungushwa juu yake. Ya 400 ina mzunguko mmoja, ya 410 mmoja na nusu. Ukivichanganya, kifuniko kitaingia vizuri kabisa, utaridhika, kisha kitavuja. Ukiagiza chupa na vifuniko kwa wauzaji tofauti, dai namba zote mbili.

Namba mbili nakipa kizibo cha waya, kile kinachobanwa na kuachia kwa dole gumba. Kinadumu miaka, mradi ubadilishe pete yake ya mpira, kwa hiyo nunua pete za akiba siku hiyohiyo. Mpira wa asili huvimba ukikaa na mafuta. Wa silikoni huvumilia joto, ila hupitisha hewa zaidi. Na tafadhali sana: chupa za mapambo za aina hii, zenye kioo chembamba au umbo la pembe nne, usizitie kinywaji kinachochacha. Gesi ikijaa, chupa hupasuka na vigae vyake hujeruhi.

Kwa kinywaji chenye gesi, kizibo cha soda kinavishinda vyote. William Painter alikipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1892, kikiwa na meno 24. Siku hizi meno ni 21. Nimekiweka nafasi ya tatu kwa sababu kinahitaji mashine ya kukibana na hutumika mara moja tu. Vipo vya milimita 26 na 29, basi pima mdomo wa chupa kwanza.

Kizibo cha gome la mti ni cha mwisho kwangu, ingawa ni kizuri kwa macho. Gome hilo huvunwa kwenye aina moja ya mwaloni, na mti ule ule husubiri takriban miaka 9 ndipo uvunwe tena. Chupa ya divai hulazwa ili kizibo kisikauke. Ya pombe kali husimamishwa, kwani pombe hukila kizibo.

Lakiri, nta na plastiki ya kusinyaa kwa joto ni vazi la juu. Huonyesha kama chupa imeguswa, lakini hazizibi pengo la kifuniko kibovu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo inaweza kulainika na kuharibika ndani ya gari lililofungwa juani. Foili inayogandishwa mdomoni ni habari nyingine, hiyo inaziba kweli, ila utando wake lazima ulingane na plastiki ya chupa yako.

Kabla ya kununua chupa nyingi, nunua tatu na vifuniko vyake. Zijaze maji yenye rangi, uzifunge, uzikaushe nje, uzizungushie karatasi ya shashi na uzilaze usiku kucha. Zikipita, rudia kwa kile utakachohifadhi. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, hata dogo kama punje ya mtama, aina hiyo usiinunue.