Darubini ya kompyuta, wiki ya tatu sasa

Jamani hii kitu ni tamu ila usiku wa kwanza ilinitoa jasho. Ilikuwa tarehe 5 mwezi wa nne, nikaingiza 05/04 kwenye rimoti kumbe yenyewe inaanza na mwezi, halafu saa tatu usiku nikaandika 9 badala ya 21, basi nimeilenga nyota ya Sirius vizuri tu, naiambia itafute nyota nyingine, Arcturus, ikageuka kutazama ukuta wa jirani 😂

Nilivyorekebisha, na saa za kanda +3, ikatulia. Ukiweka nyota katikati malizia na vitufe vya rimoti vya mshale wa juu na wa kulia, gia zisilegee. Betri 8 za AA zinaisha upesi, tafuta ya volti 12. Sayari ya Mshtarii na miezi yake minne niliiona, mama mkwe akagoma kutoka kwenye lenzi.