Kronografu ya kupima spidi ya risasi: nimekaa nayo msimu mzima porini, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari, mimi ni msaidizi kwenye kambi ya uwindaji huku magharibi ya Tabora, kazi yangu gari, bunduki za kambi na kuhesabu risasi, zimetoka ngapi maganda yamerudi mangapi. Hiki kifaa sikununua, kuna mzee wa Kimarekani alikuja kuwinda akaniachia kama bahshishi wakati wa kuondoka, wenzangu walipewa dola mimi nikapewa kisanduku kina miguu mitatu, nilinuna kweli siku ile.

Kwa asiyekijua, ni kisanduku kina macho mawili yanatazama juu, risasi ikipita juu yake jicho la kwanza linaona kivuli, la pili linaona kivuli, saa ya ndani inapiga hesabu ya muda uliopita hapo katikati inakuletea spidi. Basi. Hakikuambii kama umelenga vizuri, hakikuambii kama bunduki ni nzuri, namba tu.

Sasa yule mzee risasi zake alikuwa anajaza mwenyewe huko kwao. Analiokota ganda alilokwisha piga, analisafisha, analirudisha umbo, anaweka kile kidude kipya cha kuwashia kitakoni, anapima baruti kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni, na greni moja ni kama gramu 0.065, fikiria mwenyewe, sonara hapimi hivyo. Halafu anaingiza kichwa cha risasi kwa kina kilekile kila ganda, ganda la kiwanda kimoja asichanganye na la kiwanda kingine. Nikamuuliza mzee kwani madukani hakuna? Akacheka akaniambia lete ya kwenu tupime.

Tukapima, palepale tunapopigia shabaha bunduki za wageni kabla hawajaingia porini. Yake ilikuwa bunduki ya .300 Winchester Magnum, risasi tano zikasoma 899, 901, 902, 900, 903 mita kwa sekunde. Mita nne tu kati ya ya chini na ya juu! Ikaja zamu ya bunduki ya kambi ya .375 (hiyo namba ni upana wa risasi kwa inchi, na kwa nyati huku sheria haitaki chini ya hapo), risasi za dukani, boksi limeandikwa futi 2,530 kwa sekunde ambayo ni kama mita 771, tukapata 748, 763, 757, 769, 751. Boksi moja hilo hilo jamani! Yaani nilitazama lile boksi kama mtu aliyeuziwa asali iliyochanganywa na sukari guru.

Hapo bosi wangu ambaye ni mwindaji bingwa wa miaka mingi akasema nyati yuko mita 60, hizo mita ishirini za spidi nyati atazijuaje, na ukweli yuko sahihi, kwenye miombo yetu huoni mbali, anayepiga mita 150 huyo kapata uwazi wa mbuga. Lakini ukienda kule mita 600 wanakopiga wale wa shabaha ya mbali, bunduki ya aina ya ile ya mzee, risasi mbili zikitofautiana mita 10 tu kwa sekunde, ile ya polepole inatua chini ya mwenzake karibu sentimita 7. Ndo maana wanakesha na mizani.

Huku kwetu kujitengenezea risasi bila leseni ni kosa, sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina utani kwenye hilo, kwa hiyo asitokee mtu akaanza kuulizia baruti inauzwa wapi. Ila ndo nikaelewa kwamba kifaa hiki sisi tunakihitaji kuliko yule mzee. Yeye risasi yake anajua kaweka nini ndani, sisi tunaonunua boksi limefungwa tunakula tulichopikiwa. Msimu huu tumepima aina tatu tulizokuwa nazo, iliyokuwa ghali kuliko zote haikuwa ya kwanza, na hata ile iliyoshinda ukibadilisha namba ya mzigo (ile ya kundi lililotoka kiwandani pamoja) pale ubavuni mwa boksi spidi inahama. Siku hizi tukinunua tunaomba maboksi yote yawe ya namba moja.

Kingine kilichonishangaza ni joto. Mwezi wa kumi Tabora mnalijua jua lake, niliacha risasi tatu juu ya dashibodi ya Land Cruiser toka asubuhi, saa nane nikazipiga, zikasoma juu kama mita 12 kuliko zilizokaa kivulini. Baruti ikipata moto inasukuma zaidi. Kumbe mzee kubeba risasi kwenye kontena la barafu lisilo na barafu hakuwa amechanganyikiwa, na sisi tulimcheka nyuma ya jiko wiki nzima.

Haya, ubaya wake. Jua. Kifaa kinategemea kivuli na mbingu ya huku kiangazi haina hata wingu, nuru inaingia moja kwa moja kwenye macho yake kinaandika kosa, unapiga risasi ya hela nyingi namba hupati. Kinakuja na vifuniko vyeupe vya plastiki vya kutuliza mwanga, kimoja kikapotea, tukafunga shuka jeupe juu ya vijiti, mpishi akapita akauliza mnamtandikia nani sanda. Lakini lilifanya kazi! Asubuhi mapema au siku ya mawingu hakina shida. Pia usikiweke karibu na mdomo wa mtutu, mimi mwanzo niliweka mita mbili, ule mshindo na moshi wa .375 vikawa vinakichanganya, nikasogeza hadi mita tano kikatulia. Mara moja kikasoma mita 1,400, nikamsingizia mbung'o aliyekuwa anazungukazunguka pale.

Betri ni ile ya mraba ya volti 9, pale mjini zipo kwenye maduka ya spea za redio, ila chukua ya maana, za bei rahisi zinakufa ukishapiga risasi chache.

Kuna za kisasa za rada, kama ile Xero ya Garmin, unaweka pembeni ya bunduki haijali jua wala huhitaji kupiga juu ya kitu, ukiwa na hela nenda huko moja kwa moja. Hii ya macho naipa saba kwa kumi, na ingekuwa nane kama isingenilazimu kupitisha risasi sentimita chache juu ya mali yangu, maana mwezi wa tisa bosi alilenga chini kidogo akakata kijiti kimoja cha kushikia kifuniko, akaniangalia, akasema ulikiweka juu sana. Nikaenda kwa seremala Isevya akanichongea cha mninga, kizito lakini hakipindi, na hivi vingine viwili vya chuma navyo nitavibadilisha.