Pikapu Kongwe ya Sumaku kwenye Gitaa Kavu: Inafaa Kumbi za Ufukweni?

Kwa wanaopiga gitaa kavu katika kumbi za wazi za Mwanza, tatizo kubwa ni kusikika bila kelele. Ukiliwekea gitaa maikrofoni, upepo wa alasiri utokao ziwani huingia na kunguruma kwenye spika. Ukifunga piezo, yaani kifaa kinachogeuza mtetemo wa mbao kuwa umeme, chini ya kidaraja kinachoshikilia nyuzi, kisha sauti ikapandishwa ili ishindane na ngoma na besi, spika hutetemesha mbao za gitaa na mluzi huanza mara moja. Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu pikapu (kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi) ya zamani ya DeArmond, ile inayobanwa kwenye tundu la gitaa.

Harry DeArmond alianza kuunda pikapu za kubandika katika miaka ya 1930, na kampuni ya Rowe ya Toledo, Ohio, ikazitengeneza kwa miongo mingi. Ndani yake kuna sumaku na koili ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzaliwa kwenye koili. Kwa kuwa inasikiliza chuma na siyo hewa, upepo haiusikii kabisa, na huustahimili mluzi kuliko piezo. Hiyo ndiyo sifa yake kuu, na kwangu inatosha kuhalalisha bei.

Sauti yake, hata hivyo, si sauti halisi ya gitaa kavu. Ni nzito, ya mviringo, yenye katikati iliyojaa, ikielekea ile ya gitaa la umeme. Anayependa Gibson J-160E, gitaa kavu lililotoka mwaka 1954 likiwa na pikapu ya sumaku mwishoni mwa shingo, ataitambua upesi. Katika dansi, gitaa la ridhimu likiwa na sauti hiyo hukaa vizuri kati ya besi na solo, na mapigo ya kidole gumba husikika moja moja hata mwisho wa ukumbi. Kwa wimbo mtulivu wa kanisani, ambapo mng'ao wa mbao ndio unaotakiwa, ningechagua kitu kingine.

Nyuzi ndizo zinazoamua mengi, na wauzaji wengi hawalisemi hili. Kwenye nyuzi za shaba nyeusi pikapu husikia kiini cha chuma tu, kwani ule waya uliozungushwa juu hauvutwi na sumaku. Kwa hiyo nyuzi mbili nyembamba za chini, ambazo ni chuma kitupu, hupiga kelele huku zile nene zikinong'ona. Nilipofunga seti ya nikeli, yenye uzi wa tatu uliozungushiwa waya, uwiano ulirudi. Gharama yake ni kwamba bila amplifaya gitaa hupungukiwa na mng'ao. Ukiinamisha pikapu kidogo ili upande wa nyuzi nyembamba ushuke, unapata nafuu zaidi, lakini usiisogeze karibu mno, maana sumaku huvuta uzi na noti huyumba.

Kasoro nyingine ni mvumo. Koili moja hunasa umeme wetu wa hezi 50, hasa karibu na transfoma na taa za tyubu. Mpigaji akigeuza mwili polepole jukwaani, huufikia upande ambao mvumo unapungua sana. Pia nyingi za zamani hazikuzamishwa kwenye nta ya kuzuia waya usitikisike, hivyo ukigonga kifuniko chake kwa kucha, mlio huo husikika kwenye spika.

Iunganishe kwenye amplifaya ya gitaa au kupitia kisanduku cha DI, kile kinachooanisha gitaa na miksa, kwani ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la miksa, hupoteza nguvu na sauti kali za juu. Kabla ya kulipa, mwombe fundi apime koili kwa mita: ikionyesha kwamba umeme haupiti, waya umekatika ndani na kuizungusha upya ni kazi ya gharama. Mwenye gitaa la nyuzi za nailoni asiinunue kabisa, kwa sababu haitatoa sauti yoyote.