Kipindi cha nne kimeiharibu kozi nzima

Kozi yenyewe sitaitaja. Ni ya kulipia, inafundishwa kwa Kiswahili, mubashara kwa video, na inahusu asili ya Ukristo na madhehebu ya Kiyahudi ya karne ya 1. Nimeimaliza majuzi na hasira bado ninayo. Pesa yangu nimeitupa, na kilichoitupa ni kipindi kimoja tu, cha nne, kile cha Qumran, eneo kando ya Bahari ya Chumvi ambako magombo ya kale ya Kiyahudi yalipatikana mapangoni.

Mwalimu alitangaza kwamba Yesu alikuwa Mwesene, yaani wa dhehebu la Kiyahudi ambalo wengi wanalihusisha na magombo hayo ya Bahari ya Chumvi, na kwamba magombo yamethibitisha. Nikauliza: "Samahani mwalimu, na ile Hati ya Dameski inayomzungumzia mnyama aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato?" Akanijibu: "Ndugu, umekuja kujifunza au kufundisha?" Kipaza sauti changu kikazimwa, somo likaendelea kana kwamba hakuna aliyeuliza kitu.

Swali hilo si la uchokozi. Ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote anayedai Yesu alikuwa Mwesene lazima alijibu. Hati ya Dameski, andiko la sheria za jumuiya hiyo, ilijulikana kwanza kutokana na nakala za zama za kati zilizotoka katika sinagogi la Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya mapango ya Qumran kugunduliwa, vikapatikana vipande vya nakala kumi zaidi, katika mapango ya 4, 5 na 6. Safu ya 11 inasema wazi: mnyama akianguka kisimani au shimoni siku ya Sabato, asiinuliwe. Sasa fungua Mathayo 12:11. Yesu anauliza ni nani asiyemwopoa kondoo wake aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Hoja hiyo ina nguvu pale tu msikilizaji anapokubali kwamba kondoo huopolewa. Mtu wa Qumran angemjibu palepale, "Mimi simwopoi," na hoja ingeishia hapo. Kwa hiyo Yesu anajadiliana ndani ya uwanja wa Mafarisayo, ambako jambo hilo lilikuwa na mwanya, na anasimama mbali kabisa na sheria ya Qumran. Hili halihitaji shahada. Linahitaji kufungua kurasa mbili na kuziweka ubavuni.

Na hayo ni ya Sabato tu. Kanuni inayohusu mkutano wa siku za mwisho, iliyoambatana na Kanuni ya Jumuiya (gombo la taratibu za watu wa Qumran), inawazuia viwete na vipofu kuingia katika kusanyiko. Luka 14:13 inaagiza hao hao waalikwe karamuni. Kanuni ya Jumuiya, katika mistari yake ya mwanzo, inaagiza kuwachukia wana wote wa giza. Mahubiri ya mlimani yanaagiza kuwapenda adui. Mwalimu alituonyesha yanayofanana peke yake: maji, mali ya pamoja, mlo wa pamoja, jangwa. Kila mfanano aliuacha juujuu. Chukua mali ya pamoja. Qumran, mali ya mgeni anayejiunga haikuchanganywa na ya wenzake mpaka amalize mwaka wa pili wa majaribio, na aliyedanganya kuhusu mali yake alitengwa na mlo safi kwa mwaka mmoja na kukatwa robo ya chakula. Katika Matendo 5 hakuna miaka ya majaribio wala robo ya chakula, na Petro anamwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa mali yake, kukiuza au kutokukiuza ni hiari yake. Hizo ni taasisi mbili tofauti.

Hata Isaya 40:3, sauti ya aliaye nyikani, ambayo mwalimu aliishika kama ushahidi wa mwisho kuhusu Yohana Mbatizaji, haithibitishi alichotaka. Kanuni ya Jumuiya inaunukuu mstari huo, injili nazo zinaunukuu. Lakini Isaya alikuwa kitabu cha Wayahudi wote. Watu wawili wakichota kisima kimoja, hatuwezi kusema mmoja ameiba ndoo ya mwenzake. Tena Qumran nyika ilikuwa kusoma Torati, na kujitosa majini kulirudiwa mara kwa mara. Kwa Yohana ilikuwa toba na ubatizo kwa umati uliomjia.

Kilichoniumiza zaidi ni aliposema Mwalimu wa Haki, kiongozi wa jumuiya anayetajwa katika magombo, ni Yakobo, ndugu yake Yesu. Yakobo aliuawa mwaka 62 BK. Gombo la ufafanuzi wa Habakuki, linalomtaja huyo Mwalimu wa Haki, limepimwa umri kwa kaboni-14 na majibu yanaangukia karne ya 1 KK. Mtu hawezi kuandikiwa habari zake kabla hajazaliwa. Ukitaka kuitetea nadharia hiyo, anza kwa kueleza kipimo kilikosea wapi.

Hata hivyo niliposema nimeitupa pesa nilikosea, na ni haki nijirekebishe. Kipindi cha pili, cha Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, ni bora kuliko chochote nilichowahi kusikia kwa Kiswahili kuhusu jambo hili. Mwalimu huyo huyo alichukua kifungu cha Yesu katika Mambo ya Kale ya Wayahudi ya Josephus, kitabu cha 18, akatuonyesha sentensi ambazo Myahudi asiyemwamini Yesu asingeziandika, kama "Huyu alikuwa Kristo". Akatukumbusha kwamba Origen, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, anasema Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Kisha akatupeleka kitabu cha 20, kifo cha Yakobo: liwali Mrumi Festo amefariki, Albinus anayechukua nafasi yake bado yuko njiani, na kuhani mkuu Ananus, ambaye Josephus anamwita Msadukayo, anautumia mwanya huo. Waliokuwa makini na sheria wakalalamika. Ukilisoma tukio hilo unaona mvutano wa madhehebu ukifanya kazi mtaani Yerusalemu. Alitufundisha pia kwamba Matendo linatumia neno lile lile la Kigiriki, hairesis (dhehebu), kwa Masadukayo (5:17), kwa Mafarisayo (15:5) na kwa wafuasi wa Yesu (24:5). Nilisimamisha rekodi, nikarudia mara tatu.

Ndiyo maana kipindi cha nne kinaniuma. Anayeweza kumchambua Josephus hivyo anajua kabisa utaratibu: kwanza tarehe ya hati, pili ilikopatikana, tatu tofauti, na mfanano mwisho. Aliujua akauacha, na alipoulizwa akanizimia kipaza sauti. Neno "Mwesene" halimo hata mara moja katika magombo. Linatoka kwa waandishi wa karne ya 1, Josephus, Philo na Plinio Mzee, na kuwaunganisha Waesene na Qumran ni hoja yenye nguvu ambayo bado wasomi wanaibishia. Hata hilo hakulisema.

Mkiinunua, nunueni kwa ajili ya kipindi cha pili. Mkifika cha nne, fungueni Hati ya Dameski safu ya 11 na Mathayo 12 kabla hajaanza kusema, na swali la kondoo liulizeni tena. Tukiuliza wengi hawezi kutuzima sote.