Muswada wako: mchapishaji wa chuo kikuu au wa kibiashara?

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye uhakiki. Mchapishaji wa chuo kikuu huupeleka muswada kwa wasomi wa fani hiyo, mara nyingi bila mwandishi kujua majina yao, kisha bodi ya wanataaluma ndiyo huamua. Safari hiyo huweza kupita mwaka mzima, na maoni mengine huuma kweli. Lakini makosa ambayo yangekuaibisha hadharani hunaswa mapema, na hilo nalithamini kuliko kasi. Wa kibiashara huuliza kwanza nani atakinunua kitabu. Akiliona soko, huenda mbio.

Kwa fedha, wa kibiashara hushinda: mara nyingi ndiye mwenye uwezo wa kukulipa mapema sehemu ya mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo.

Kutangaza kitabu? Wa kibiashara hulenga magazeti na redio katika wiki za mwanzo. Wa chuo hutuma nakala kwa majarida ya kitaaluma, na tahakiki huweza kutoka hata miaka miwili baadaye, ila huandikwa na mtu aliyekisoma kwa makini. Pia mchapishaji huyo hakiondoi haraka sokoni kitabu kinachouzwa polepole. Cambridge, mchapishaji wa chuo kikuu cha Uingereza anayechapisha tangu 1584, ana orodha ndefu ya vitabu vya aina hiyo.

Anayetafuta kupanda cheo chuoni aende kwa wa kwanza. Aliyemwandikia msomaji wa kawaida, au mwenye mada isiyoweza kungoja, amjaribu wa pili.