Kozi ya kuonja kalingi hapa Zürich: mwalimu safi sana, ila muda hautoshi

Jumamosi mimi na mume wangu tulienda kozi ya kujaribu kalingi, ule mchezo wa kuserereshea mawe kwenye barafu huku wenzako wanafagia mbele ya jiwe. Kilichonipeleka ni Silvana Tirinzoni, basi. Huyu dada ni mzaliwa wa hapahapa Zürich na timu yake imebeba ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2019, 2021, 2022 na 2023, maana 2020 mashindano yalifutwa sababu ya korona. Miaka yote namwangalia kwenye TV nikawa nasema siku moja lazima na mimi nilishike hilo jiwe.

Tulilipa faranga 45 kila mtu, viatu na fagio vya kwao. Mwalimu ni mama mmoja wa makamo, mvumilivu haswa. Kabla hatujagusa jiwe alituinamisha wote tupapase barafu kwa kiganja, na kumbe sio nyororo kama kioo, ina vipele vidogo vidogo, wanainyunyizia matone ya maji yakishaganda ndo jiwe linapita juu yake. Jiwe lenyewe la graniti, karibu kilo 20, na likishaondoka linanguruma chini chini kama jiwe la kusagia nafaka, ile sauti kwenye TV huipati kabisa. Mkono ukiuzungusha kidogo tu wakati unaachia, jiwe nalo linapinda kuelekea huko, wenzako wakifagia barafu inapata joto kidogo hivyo jiwe linaenda mbali zaidi na linanyooka. Kutoka unapoanzia hadi katikati ya nyumba, yaani yale maduara ya upande wa pili, ni mita 38 na kitu. Langu la kwanza liliishia njiani, la tano ndo likaingia, nikapiga vigelegele ukumbi mzima ukageuka.

Hapo ndo nikamwelewa Silvana. Timu nyingi kapteni ndo anarusha mawe mawili ya mwisho, yale yanayoamua, ila yeye alimwachia Alina Pätz, ambaye 2015 alishakuwa bingwa wa dunia akiwa kapteni mwenyewe, Silvana mwenyewe akawa anarusha wa tatu na kupanga mchezo. Ukishalishika lile jiwe unajua ni uamuzi mzito kiasi gani kumpa mwenzio la mwisho. Na Olimpiki ya Beijing 2022 waliongoza kundi, wakafungwa na Japani nusu fainali, halafu shaba nayo ikachukuliwa na Sweden 9-7, niliumia mno. Mwezi uliofuata tu wakaenda Prince George, Kanada, wakachukua ubingwa wa dunia bila kupoteza hata mechi moja!! Moyo wa namna ile mi naustahi sana.

Sasa malalamiko yangu. Tulikuwa watu kumi kwenye njia moja, kwa hiyo kila mtu karusha mawe sita tu ndani ya saa moja na nusu, muda mwingine wote umesimama baridi inakupanda miguuni. Viatu vya saizi ndogo vilikuwa vimeisha, nikapewa vikubwa, na kile cha mguu wa kutelezea kikiwa kinapwaya huwezi kukaa sawa. Halafu tuliahidiwa mechi fupi mwishoni, haikuchezwa, kikundi kingine kilikuwa kimeshasimama mlangoni. Mwalimu hana kosa, ni ofisi inabananisha vikundi.

Mi nawapa nyota nne na mwezi ujao narudi. Mkienda, pigeni simu mapema muulize mtakuwa wangapi na saizi zenu za viatu zipo, vaeni suruali inayovutika maana goti linashuka hadi karibu na barafu, na soksi nzito msisahau.