TAHADHARI: Waya wa amplifaya wa "kopa tupu" hapa Tanga. Mimi umeniumbua mbele ya mama mkwe

Wagosi, leo siku ya nne nimekaa na hili moyoni, nimeona nikinyamaza litaniua. Chekeni mkitaka, lakini asinunue mtu waya wa mziki wa gari kabla hajanisoma.

Ya harusi ya shemeji sirudii yote, wengi mlikuwepo na waliobaki video imewafikia. Nataka mjue tu ule moshi ndani ya gari langu ulitoka wapi.

Amplifaya yangu mnajua nilivyoihangaikia. Wati 1000 za kweli, si za kuandikwa kwenye boksi, na mgongoni ina fyuzi tatu za ampea 30. Fundi wangu aliniambia mapema: "Kaka, hii ikipiga kwa nguvu inavuta karibu ampea 90. Tafuta waya namba 4 wa kopa, mita tano za moto toka betri mpaka buti, na kipande kifupi cha bodi cha unene uleule." Kopa ndiyo shaba, namba ni unene, ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi, na wa bodi ni ule wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari. Hesabu yake naielewa. Ili upate wati 1000 kwenye spika, betri inatoa kama 1250 kwa sababu nyingine zinaishia joto. Gawanya kwa volti 13.8 za gari likiwa linanguruma, unafika kwenye 90. Kwa hiyo asiniambie mtu nilikwenda dukani kipofu. Nilikwenda najua ninachotaka, ndiyo maana inaniuma hivi.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, Ngamiani. Barabara yenyewe siiandiki wala jina la duka. Mtu mzima, barghashia safi, sauti ya chini kama anakusomea dua. Hata sijasema shida yangu, "karibu mgosi, kahawa kwanza." Kahawa ikaja na kashata. Nikamwambia nataka namba 4, mita saba, moyoni najipa ziada. Akauliza gari gani. Spacio. Akacheka kidogo akasema, "Saba za nini? Tano zinakutosha, na nusu mita ya bodi. Usitupe hela yako."

Hapo ndipo aliponimaliza. Niambieni ninyi, muuzaji anayekupunguzia mzigo mwenyewe, utamshuku kwa lipi?

Halafu, wallahi, akaanza kuniasa juu ya alumini! Yeye mwenyewe! Ati nijihadhari na maduka ya jirani, wanauza alumini iliyopakwa shaba juu, watu wanaunguza magari. Akavuta droo, akatoa sumaku, akakata ncha ya waya mbele yangu. Ndani nyekundu inang'aa. Akaipitisha sumaku mara ya kwanza, ya pili, haikunasa. "Umeona? Ingekuwa feki ingenasa. Hii kopa tupu." Na mimi natingisha kichwa kama mjusi kafiri ukutani. Waya mwekundu, mnene kama kidole gumba, umechapwa 4 GA OFC kwa herufi kubwa, 4 GA ndiyo hiyo namba 4. OFC ndiyo ile shaba safi iliyoondolewa oksijeni, niliijua, nikajiona mjanja kwa kuijua. Alitaja laki na kumi, tukashuka mpaka elfu tisini na tano. Nikamwombea na baraka kabisa wakati natoka.

Fundi alipoushika alisema, "Mbona mwepesi?" Nikamkatiza. Nikamwambia umepimwa kwa sumaku mbele ya macho yangu. Hili nalikiri kwa aibu, maana yule kijana hana kosa, nilimharakisha kwa kuwa harusi ilikuwa keshokutwa.

Jumamosi tumetoka Makorora tunaelekea Raskazone. Bibi harusi nyuma na somo wake, mama mkwe kakaa mbele na mimi, kavaa sare, kapendeza, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake ananiita "mwanangu". Taarabu inatwanga, honi msafara mzima. Kukaribia Mkwakwani mziki ukaanza kukatika. Amplifaya inazima, inawaka, inazima. Nikadhani mambo ya redio, nikapandisha sauti. Mama mkwe akauliza, "Baba, kuna mtu anachoma ndoo?" Nikamjibu ni bodaboda ile ya mbele, mama, inachoma oili.

Nilimdanganya mama mkwe huku waya unaungua chini ya miguu yake.

Akanyanyua mguu. Zulia linatoa moshi. Mengine mmeyaona: mlango, leso, kiatu kimoja kubaki ndani. Bibi harusi alimaliziwa safari kwa bajaji, na somo wake akiwa amemkumbatia kama wanahama mafuriko. Mimi nimebaki barabarani nachomoa kichwa cha betri kwa mikono inayotetemeka.

Mnauliza fyuzi ilikuwa wapi. Ilikuwepo, karibu na betri kama inavyotakiwa, ilikuja na waya kwenye pakiti ileile. Imeandikwa ampea 150! Fyuzi ya betri kazi yake ni kuulinda waya, kwa hiyo inapangwa kufuatana na waya unavyoweza kubeba. Waya wenyewe wa kubeba ampea arobaini hivi, fyuzi ya 150 itakatika saa ngapi? Ilikaa ikatazama mpaka nyumba yake ya plastiki ikayeyuka.

Sasa sikilizeni nilivyojua. Si fundi aliyegundua, wala si mimi. Jumatatu tumefumua vile vipande, kijana wa vyuma chakavu akapita na baiskeli yake na mzani. Nikamwita, nikasema angalau nirudishe hela ya soda, kopa ina bei. Akachukua kipande, akakwaruza nywele moja ya waya kwa wembe, sekunde kumi hazikufika, akanirudishia. "Bro, hii si kopa. Hii sufuria."

Chini ya ile rangi nyekundu ni nyeupe tupu. Alumini. Na sumaku haishiki shaba, na alumini vilevile haishiki. Kila siku napikiwa wali kwenye sufuria ya alumini na sijawahi kuona sumaku imenasa humo! Kile kipimo kingekamata waya wa chuma tu, na yeye alilijua hilo anaponinywesha kahawa.

Fundi akachuna ganda. Ganda ndilo lililokuwa nene, waya wenyewe umejikunyata katikati. Namba 4 ya kweli ina milimita za mraba 21 hivi za shaba. Hii hata 10 haikufika, sawa na namba 8, na juu ya hayo ni alumini, ambayo inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Ndiyo maana amplifaya ilikuwa inazima: volti zilikuwa zinaishia njiani, zinageuka joto chini ya zulia.

Nilirudi dukani. Kahawa hakuna. "Fundi wako kafunga vibaya." Nikamtolea risiti, kumbe ile karatasi aliandika kwa mkono "waya mziki", basi, si namba, si kopa, si chochote. Ya mashine sikudai, nilikuwa nakula kashata.

Huyu mtu afungiwe duka. TBS, wale wa viwango, waje, Tume ya Ushindani waje na magari yao, wabebe marobota yote yakateketezwe hadharani, na yeye asimame karibu avute ule moshi. Faini haitoshi, faini atairudisha kwa wateja watatu. Mimi ningependa apandishwe kwenye Spacio yangu, waya wake uleule, mziki juu kabisa, nimzungushe toka Kange mpaka Raskazone, mguu wake pale alipoweka mama mkwe.

Kwa mnaotaka kununua: kwaruza nywele ya waya kwa wembe mbele ya muuzaji, ikitoka nyeupe ondoka. Akikataa, ondoka vilevile. Mizani pia inasema, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Usipime ganda, pima kilichomo, na uliza milimita za mraba, maana hiyo "namba 4" kila mtu anachapa. Waya wa bodi uwe unene sawa na wa moto, mfupi, nusu mita hivi, na ukwaruze rangi ya gari pale unapoufunga mpaka bati lionekane. Alumini ikiuzwa kwa jina lake sina ugomvi nayo, mtu atanunua nene zaidi akijua, ingawa fundi anasema kwa hewa yetu ya chumvi vichwa vyake vinaota unga mweupe upesi na skrubu zinalegea. Lakini huyu hakuuza alumini. Aliuza jina la shaba, na akanionya nisiibiwe huku mkono wake uko mfukoni mwangu! Mshenzi sana. Wazee wa sokoni wamwite, leseni ivuliwe, na elfu zangu tisini na tano arudishe pamoja na zulia.

Vipande viko kwangu, anayetaka kuviona aje na wembe wake. Na wewe uliyerekodi kuanzia pale mlango unafunguka, najua ulikuwa kwenye gari la tatu. Nakuomba kwa adabu, futa. Mama mkwe bado hajaiona.